Maswali Matatu Matatu

Chuo kile kilikuwa na ustadi wake wa kumeza maswali, na aliyeujua ustadi huo kuliko wote alikuwa mhadhiri mmoja kijana wa historia aliyeitwa Kipaza. Wenzake idarani ndio waliombandika jina hilo, kwa sababu kila ulipofanyika mhadhara wa wazi, yeye ndiye aliyezunguka ukumbini na kipaza sauti mkononi, akimpa huyu, akimruka yule.

Ustadi wenyewe ulikuwa hivi. Msemaji akishamaliza, mwenyekiti huinuka na kutangaza, "Sasa tutachukua maswali matatu matatu, ili kuokoa muda." Watu husikia neno muda, wakaridhika. Msemaji hulijibu swali la kwanza kwa kirefu mpaka watu waanze kujinyoosha, kisha hulirukia la tatu, maana ndilo lingali bichi masikioni. La katikati huzama kama jiwe kisimani. Hakuna anayekumbuka kwamba liliulizwa ila yule aliyeliuliza, naye ameshaketi, na aliyeketi hana tena kipaza sauti.

Kazi ya Kipaza, basi, ilikuwa kunusa. Aliutazama mkono ulioinuliwa, akamtazama na mwenye mkono, akajua swali lina ladha gani kabla halijatoka. Swali tamu lilitangulia. Swali la kujionyesha lilikuja mwisho. Swali chungu alilitia katikati, kama kidonge ndani ya ndizi mbivu.

"Wewe una pua," mkuu wa idara alikuwa akimwambia, akimgonga begani. "Mtu mwenye pua kama yako haachwi kwenye kazi ya muda. Vuta subira."

Kipaza aliivuta subira hiyo huku akijivuna. Nafasi ya kudumu ilikuwa imeshafika mdomoni mwa mkuu, bado kutemwa tu.

Ikaja siku ya mhadhara uitwao "Mji na Kumbukumbu." Msemaji alikuwa profesa mmoja mwenye sifa zake, aliyepewa na wanafunzi jina la Nukta, kwa kuwa kila alipomaliza wazo alisema "nukta" kwa sauti, kama mwalimu wa imla, ili mtu yeyote asije akadhani lipo la kuongeza. Habari aliyokuja kuisimulia ilikuwa ya mtaa uliokuwa mahali pale pale kabla chuo hakijapanuliwa: nyumba za mabati, kinyozi, genge la kuni, karakana ya seremala, na nyuma ya yote hayo makaburi ya watu wa mtaa. Wakazi waliondolewa. Nyumba zilibomolewa. Kuhusu makaburi waliambiwa kwamba marehemu watahamishwa "kwa heshima zote," wakaambiwa wasubiri wataonyeshwa mahali. Walisubiri mpaka waliokuwa watoto wakaota ndevu.

Kipaza alikuwa mmoja wa watoto hao. Alilelewa na shangazi yake, dada wa baba yake, na mume wa shangazi ndiye aliyekuwa seremala wa mtaa. Watu walimwita Baba Randa. Karo ya Kipaza ilitoka kwenye vumbi la mbao zake, na kikohozi kilichomuua kilitoka humo humo. Alizikwa pale, mwaka mmoja kabla ya matingatinga.

Safari hii chuo kiliona ni vyema wakazi wa zamani waalikwe. Wakaletwa kwa basi, wakavishwa fulana nyeupe zilizoandikwa WAGENI WA HESHIMA juu ya nguo zao nzuri walizozipiga pasi tangu jana yake, wakawa kama timu ya mpira iliyozeeka. Kipaza alikwenda kumpokea shangazi kwenye maegesho ya magari, mahali pana palipotiwa lami safi, pakapigwa mistari myeupe na kuzungushiwa maua. Alikuwa akitafuna chingamu. Alipomwona shangazi anateremka basini aliitema chini, kati ya magari mawili, maana shangazi hakupenda mtu mzima atafune mbele za watu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ee! Suti hii imekupenda. Angekuona Baba Randa angesema ubao huu umepigwa randa ukakubali."

Nyuma yake alishuka mzee kinyozi, aliyejulikana kwa jina la Mkasi tangu enzi za mtaa, mtu wa maneno na mashairi ya papo kwa papo. Akamtazama Kipaza kuanzia viatu hadi utosini.

"Mwanahistoria wetu! Historia ya wafalme wa dunia nzima unayo. Hebu ya mtaa wako: makaburi yalikwenda wapi?"

Kipaza akacheka kicheko kikavu. "Mzee wangu, leo ndiyo siku ya kuuliza."

"Mimi niulize kwa nani? Akili ni nywele, bwana, na wengi wa hawa wakubwa nimewanyoa mwenyewe. Najua kilichobaki."

Shangazi akamvuta Kipaza pembeni. "Muache huyo. Sikiliza. Swali langu nimelifupisha. Nimelisema njia nzima mpaka limelainika. Sitaki fidia, sitaki kumtukana mtu. Nataka kujua walimpeleka wapi, basi. Nikimwombea nageukageuka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nataka upande mmoja nielekee. Umeniambia nitajibiwa, kweli?"

"Utajibiwa, shangazi."

Alilisema hilo kwa urahisi, kama mtu anayeagiza chai. Na hapo alikuwa ameshaongea na mkuu wa idara.

Mkuu alikuwa amemkamata ukumbini asubuhi, zulia jipya linanuka gundi, wahudumu wanapanga chupa za maji mezani. "Lazima mmoja wa wale wazee aulize," alisema. "Waandishi wapo. Mgeni rasmi yupo. Wasipouliza itaonekana tumewaleta kama mapambo. Mpe shangazi yako. Mama mtu mzima, sauti ndogo, watu watapiga makofi."

"Ana swali moja la makaburi, mkuu."

"Najua. Mweke katikati." Akatabasamu. "Kesho kutwa nakaa na kamati ya ajira. Nikuambie nini zaidi?"

Kipaza hakutaka kuambiwa zaidi. Alijisemea kwamba shangazi atapata heshima ya kusimama na kusikika, na kwamba baadaye yeye mwenyewe, akishakaa vizuri kazini, atamtafutia jibu kwa njia za ndani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaidizi. Msaidizi wake ni yeye.

Mhadhara ukaanza. Nukta alipanda jukwaani na kikombe chake cha chai, akachovya biskuti, akaila mbele ya watu mia kadhaa huku akitafuta ukurasa wake, makombo yakamdondokea kwenye tai. Ukutani ikatokea picha kubwa ya mtaa: vumbi, mabati, mtoto uchi mlangoni.

"Tazameni," alisema Nukta, "uzuri wa umaskini huu. Hakuna mstari ulionyooka. Nukta."

Kwenye safu ya mbele, mama mmoja aliyekuwa akiuza kuni mtaani, ambaye wote walimwita Mama Kuni, akamnong'oneza shangazi kwa sauti iliyofika hadi kwa Kipaza, "Ule si mlango wangu? Na yule uchi si kitindamimba wangu? Loo! Nilikuwa namwogesha!"

Nukta aliwaita "jamii hii," akiwaelekezea kalamu yenye mwanga mwekundu kama anaonyesha mto kwenye ramani. Ule mwanga ukapita kwenye fulana zao, kifua hadi kifua. Alisema jamii hii ilikuwa na kumbukumbu ya mdomo tu, hivyo ni wajibu wa wasomi kuwakumbukia. Mgeni rasmi, mheshimiwa mwenye shingo iliyomwagikia kwenye kola, alitikisa kichwa kwa uzito, halafu akafumba macho, halafu kidevu kikalala kifuani. Makofi yalipolia aliamka, akapiga ya kwake kwa nguvu kuliko wote.

Kipaza alisimama ukutani na kipaza sauti chake. Macho yake yalikataa kuondoka kwenye ile picha ukutani. Alikuwa ameisikia mihadhara ya namna hii mingi, kuhusu watu wengi, na hakuwahi kutazama picha mara mbili. Tofauti ilikuwa moja tu: mlango wa Mama Kuni aliwahi kuubisha.

"Tutachukua maswali matatu matatu," akasema mkuu wa idara kutoka kiti cha uenyekiti, "ili kuokoa muda."

Kipaza akafanya kazi yake. Kwanza akampa mwanafunzi mmoja mwenye miwani, ambaye aliuliza ni mbinu gani za utafiti Profesa alizitumia. Swali tamu. Kisha akaenda safu ya mbele, akainama, akampa shangazi.

Shangazi alisimama. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Nawasalimu wote. Mimi nilikuwa na mume, fundi seremala, tulimzika hapa. Mlisema mtawahamisha kwa heshima. Naomba kujua mlimpeleka wapi, ili nikimwombea nijue pa kuelekea. Ni hilo tu. Ahsanteni."

Makofi yakapigwa, marefu, kama mkuu alivyotabiri. Wanawake wawili wa ofisi ya uhusiano walifuta machozi kwa ncha za vidole wasiharibu wanja. Makofi yale yale yakamkalisha. Kipaza akachukua kipaza sauti akampa wa tatu, mwanamume wa shirika fulani, ambaye alizungumza habari zake mwenyewe kwa muda mrefu kisha akauliza vijana wa leo wafanye nini.

Nukta alishukuru kwa maswali mazuri sana. Kuhusu mbinu za utafiti alimwaga maji hadi ukumbi ukaloa. Kuhusu vijana alisema wasome. "Na mengine," akamalizia, akichukua biskuti nyingine, "naamini yamejibiwa humo humo. Nukta."

Limemezwa. Kipaza alijua kwa uzoefu kwamba sasa ndipo waulizaji wa katikati huinamisha kichwa, hukunja uso, au hutoka nje. Akapita karibu na safu ya mbele bila kutazama. Mkono ukamshika pindo la koti.

"Mwanangu," shangazi alinong'ona, "nimejibiwa? Masikio yangu haya ya uzee, labda limenipita. Amesema ni wapi?"

Hakuwa anamkejeli. Uso wake ulikuwa wazi kama sahani. Aliamini kwamba mtu mzima mwenye tai, mbele ya umati, hawezi kuombwa maiti ya mume wa mtu akanyamaza. Kwa hiyo kosa lazima liwe la masikio yake.

Kipaza alisikia kinyaa kikimpanda kuanzia kitovuni. Si kinyaa cha Nukta peke yake, pamoja na makombo yake. Si cha ile shingo ya mgeni rasmi. Kilikuwa kinyaa cha kidole chake mwenyewe kilichozoea kubonyeza swichi ya kile kipaza sauti: washa, zima, washa, zima, kama mchinjaji wa kuku asiyetazama kuku.

"Hujapitwa, shangazi," alisema. "Hajasema."

"Awamu ya pili na ya mwisho!" mkuu alitangaza. "Matatu."

Mikono ikainuka kote. Mwanafunzi wa miwani alikuwa na jingine. Kipaza akaiacha mikono yote, akampa Mkasi. Mkuu akamkunjia nyusi kutoka mezani. Mkasi alisimama, akakohoa kidogo, akamtazama Nukta kama anayepima kichwa cha kunyoa:

"Msomi ule kitabu, usitumeze na sisi;
ukimeza majawabu, yatakukaba upesi.

Huo ni utangulizi, sasa swali. Yule seremala, Baba Randa, mlimpeleka wapi?"

Kicheko kidogo ukumbini, kisha minong'ono. Kipaza akachukua kipaza sauti, akampa Mama Kuni.

"Mimi sina utangulizi," alisema Mama Kuni. "Nina baba yangu mzazi na binti yangu mmoja. Walikuwa kaburi la tatu na la nne baada ya Baba Randa. Mliwapeleka wapi? Halafu ile picha muitoe, mwanangu yule ni askari sasa."

"Nadhani swali hili limekwishaulizwa," mkuu alisema haraka. "Bwana Kipaza, tupate la tofauti. La tatu liwe la tofauti, tafadhali."

Ukumbi mzima ukamgeukia Kipaza. Alisikia nafasi ya kudumu ikirudi kooni mwa mkuu, taratibu, kama kobe anayeingiza kichwa. Akatembea hadi kwa shangazi, akampa.

"Ni mimi tena," shangazi alisema. "Mniwie radhi. Mlimpeleka wapi?"

Sasa hapakuwa na la katikati. La kwanza lilikuwa hilo, la pili hilo, la tatu hilo. Ulikokimbilia ulikutana nalo. Nukta akanywa chai. Kipaza, aliyemtazama kwa makini, alingoja kuona aibu, au angalau hofu. Aliloliona lilimtia kichefuchefu zaidi: profesa alifurahi. Macho yalimng'aa kama mtu aliyeulizwa, hatimaye, jambo ambalo yeye peke yake analijua.

"Kumbe hilo! Hilo linavutia sana. Nililigusa katika utafiti wangu, nikaliacha kwa kuwa lingerefusha. Uhamisho wa mabaki haukufanyika. Mkandarasi alikuwa na haraka. Mabaki yote yaliingia kwenye kifusi, na kifusi kikatumika kusawazisha bonde dogo hapo nje, yalipo maegesho. Ni mfano mzuri mno wa jinsi mji unavyojijenga juu ya kumbukumbu yake wenyewe. Mfano mzuri mno. Nukta."

Halafu, kutoka nyuma, mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kwa mazoea tu, na wengine wawili watatu wakamfuata kabla hawajajishtukia.

"Ahsante, baba," shangazi alisema kwenye kipaza sauti. "Umenijibu."

Akamrudishia Kipaza kifaa chake, akachukua mkoba wake, akatoka. Wale wazee wa fulana nyeupe wakamfuata mmoja mmoja, viti vikikunjana nyuma yao: pa, pa, pa. Mkuu aliwaalika wote waliobaki kwenye viburudisho.

Kipaza alipofika nje, shangazi alikuwa ameshavua viatu. Alikuwa amekaa juu ya ukingo wa zege, miguu peku kwenye lami, kwenye njia pekee ya magari kutokea. Hakuwa analia. Alikuwa akipapasa lami kwa kiganja, hapa na pale, kama mtu anayepapasa godoro kujua mwenzake kalalia upande gani. Wengine walikuwa wamesambaa kati ya magari, viatu mkononi, wanatembea kwa kunyata. Dereva mmoja alikuwa ametoka kukung'uta mazulia ya gari. Vumbi lilikuwa bado linatua. Makopo mawili ya soda yalilala chini ya gurudumu. Na pale, kati ya magari mawili, ilikuwepo chingamu, nyeupe, yenye alama ya meno yake.

Kipaza aliinama akaibandua kwa kucha, akaitia mfukoni mwa suti.

Haikuchukua muda mkuu wa idara akaja mbio, sahani mkononi. "Waambie watoke njiani. Mgeni rasmi ana safari ya ndege."

"Waambie mwenyewe, mkuu."

"Yule ni shangazi yako!"

"Ndiyo maana siwezi kumtoa nyumbani kwake."

Shangazi alisikia. "Sijamzuia mtu, baba," alimwambia mkuu, kwa adabu yake ile ile. "Apite. Ila apige hodi kwanza. Hapa panalala watu."

Mkuu alimtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha ya ndege. Lakini yule dereva wa mazulia, ambaye ndiye wa mgeni rasmi, mtu wa makamo mwenye mvi za kando, aliyekuwa ameegemea gari na kusikia yote, alilitazama lile zulia mkononi mwake. Akalikunja. Akavua kofia.

"Hodi wenyewe," alisema, sauti ya chini.

"Karibu, mwanangu," shangazi alijibu, akisogeza miguu. "Pita polepole."

Gari kubwa likapita kwa mwendo wa jeneza. Ndani yake mheshimiwa alikuwa ameshapandisha kioo, anaongea na simu. Dereva wa pili akafanya vile vile, na wa tatu, na mwanafunzi wa miwani mwenye pikipiki, aliyezima injini akaisukuma. Mkasi alisimama kama bawabu, akimkaribisha kila mmoja kwa jina la marehemu mmoja wa mtaa, akawa anawachekesha na kuwaliza kwa wakati mmoja.

Akabaki mmoja. Nukta aliendesha mwenyewe. Aliingia garini, akawasha, akasogea hadi bampa ikaribie goti la Kipaza, ambaye sasa alikuwa amesimama mbele yake na soksi tu. Akapiga honi.

"Sema hodi, Profesa."

Kioo kikashuka nusu. "Kijana, unajua unachokipoteza?"

"Najua. Sema hodi."

"Haya ni mambo ya hisia. Mimi nimewapa ukweli. Mngeupata wapi bila mimi?" Kombo la biskuti lilikuwa bado kwenye kona ya mdomo wake, linacheza kila alipotamka neno. "Nisemee nini hodi kwenye lami?"

Akapandisha kioo, akapiga honi tena, ndefu, mkono umelala hapo hapo. Shangazi aliiweka mikono yote miwili juu ya lami, kama mtu anayeziba masikio ya mgonjwa.

"Tuvumilie, Baba Randa," alisema. "Huyu ana maneno mengi. Hilo moja ndilo bado analitafuta."

Kipaza hakusogea. Mdomo ulikuwa umemjaa mate, machungu, mazito, ya mchana mzima. Akageuza uso pembeni ateme, akakumbuka amesimama juu ya nani. Akayameza.